Shajara ya stesheni: popo, chokaa na chai ya usiku

Wiki ya 1

Funguo za stesheni ya treni ya hapa kijijini tumepata, sisi kamati tunaotaka iwe pia mahali pa jamii. Barua ya kwanza tuliiandika mahindi hayajapandwa, funguo zimekuja mahindi yako ghalani. Ofisi moja ilitutuma ya pili, ya pili ikaturudisha kwa ya kwanza, na katikati hapo barua yetu ikarudi kwa sababu muhuri wa kijiji ulipigwa juu ya saini na si pembeni yake. Tuliipeleka tena.

Stesheni yenyewe siitaji jina humu mpaka mkataba utiwe saini. Kwa sasa tuna ruhusa ya mwaka mmoja tu. Iko kati ya Korogwe na Mombo, na ukiwa unaelekea Moshi milima ya Usambara unaiona mkono wa kulia. Jengo ni la mawe, kuta nene, veranda upande wa reli, na ghala la mizigo lenye mlango wa chuma wa kusukuma. Tumepewa chumba cha abiria, veranda na ghala. Dirisha la tiketi na chumba cha stesheni masta hatugusi. Siku ya treni kila shughuli inasimama nusu saa kabla haijaingia, na mtoto asiyekuwa na mkubwa haruhusiwi kuvuka upande wa pili wa reli. Stesheni masta alitusomea masharti hayo mara mbili, ya pili polepole.

Sababu ya kuipigania stesheni ni nyepesi. Kijiji hakina ukumbi. Mkutano mkuu tunaufanyia chini ya mwembe, mvua ikija agenda zinaahirishwa. Wanafunzi wa darasa la saba wanasomea mwanga wa simu za wazazi. Na hapo hapo kuna jengo imara kuliko yote kijijini, linalofanya kazi usiku mmoja mmoja treni inapopita, siku nyingine ni la mbuzi.

Wiki ya 2

Tulidhani ni la mbuzi. Ni la popo.

Fundi alipopanda kufungua dari alishuka haraka kuliko alivyopanda. Kinyesi kimejaa juu ya mbao kiasi cha kuzipinda. Vijana walitaka kuwasha moto wa majani mabichi ndani, moshi uwatoe. Tukakataa: mbao ni kavu, na popo hao ndio wanaotupunguzia mbu. Tulichofanya ni kuwavizia magharibi, tukahesabu matundu wanayotokea. Yalikuwa matano. Tukaziba manne, la tano tukaliacha, kisha tukasubiri mpaka wadogo waweze kuruka. Lile la mwisho tutaliziba usiku, wote wakiwa nje.

Kinyesi tulikilowesha maji kwanza ndipo tukakizoa, kila mtu na barakoa, kwa kuwa vumbi lake linaharibu kifua. Magunia kumi na moja. Yameshachukuliwa yote na wenye bustani za mboga, na sasa kuna mama anayedai nyanya zake zimebadilika rangi. Hii ndiyo faida ya kwanza ya mradi wetu, na haikuwemo kwenye andiko.

Wiki ya 4

Wiki ya aibu. Naiandika kwa sababu tulikubaliana shajara hii haitakuwa ya sifa tupu.

Ukuta wa chini, upande wa ghala, ulikuwa umemomonyoka. Tukanunua saruji, fundi akapiga plasta, ikang'aa, tukapiga picha. Mvua mbili tu na plasta ikaanza kuvimba kama andazi. Ukiigonga inalia tupu.

Aliyetufumbua macho ni fundi mzee aliyezoea nyumba za kale za Pangani. Alikwangua kidogo kwa kucha, akalamba kidole, akasema: "Hii ni chokaa. Mmeivisha koti la mvua, jasho litatokea wapi?" Kuta za zamani za mawe na chokaa zinavuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa polepole kwenye hewa. Ukizifunika kwa saruji unyevu unanaswa ndani, unatafuta njia, unasukuma plasta, na ukikosa njia unapanda juu zaidi kuliko ulipokuwa mwanzo. Kwa hiyo tumebandua kazi yetu yote. Chokaa tumeiloweka kwenye pipa lililozikwa nusu, mzee kasema isiguswe wiki mbili, kisha tutaichanganya na mchanga wa mto uliochekechwa.

Fedha ya saruji imekwenda. Mweka hazina hataki kuzungumza na mimi.

Wiki ya 5

Mjadala wa kibao. Shule imejitolea kutuchorea kibao cha mlangoni, na watoto wanataka kuandika mwaka jengo lilipojengwa. Kila mzee ana mwaka wake.

Tukakaa na mzee wetu wa pointi, mstaafu ambaye kazi yake maisha yote ilikuwa kugeuza njia za treni, na ambaye historia ya reli hii anaikariri kama uzao wa ukoo. Wajerumani walianza Tanga mwaka 1893. Mwaka 1896 walikuwa Muheza, kilomita arobaini tu, na kampuni ikaishiwa pumzi. Serikali yao ikaichukua mwaka 1899. Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, Moshi mwaka 1911. Basi sisi tuko kati ya Korogwe na Mombo, hesabu ni rahisi: kati ya 1902 na 1905.

Watoto wakaandika "1902–1905". Kikatundikwa, tukarudi nyuma kukitazama, na kila mtu akanyamaza. Kilikuwa kama cha kaburini. Kimefutwa. Sasa kinasema KARIBU, inatosha.

Nilitumaini umri huo ungetusaidia kwenye maombi ya ulinzi wa jengo. Haukutusaidia sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. La Mjerumani huyu lilikuja miaka arobaini baadaye, kwa hiyo linahitaji kutangazwa rasmi ndipo lilindwe. Barua nyingine hiyo. Safari hii muhuri tumeupiga pembeni.

Wiki ya 6

Safari ya Sigi. Tulikwenda wanne, kwa daladala mpaka Muheza, kisha kwa gari la kupanda Amani.

Niliwahi kusikia habari zake lakini sikuwahi kuzitilia maanani. Wajerumani walikuwa na reli nyingine ndogo iliyochepuka kutoka hii yetu pale Tengeni, karibu na Muheza, ikapanda mpaka Sigi chini ya milima kufuata mbao. Ilifunguliwa mwaka 1910. Upana wake sentimita 75, wakati hii yetu ni mita moja kamili. Reli hiyo iling'olewa zamani, hukuti hata taruma, vile vipande vinavyolazwa chini ya reli kuibeba. Lakini nyumba ya stesheni masta wake ipo. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997, iliikarabati ikaifanya kituo cha habari. Wageni wanapokelewa hapo.

Mzee wa pointi alizunguka ile nyumba bila kusema neno. Aligusa mlango. Mwisho akauliza: "Na treni wanaikumbukaje hapa?" Hakuna aliyemjibu.

Nilirudi na mawazo mawili, na hayapatani. La kwanza: inawezekana. Nyumba ya reli inaweza kuishi miaka mingi baada ya reli yake kufa, ili mradi ipewe kazi. La pili: pale kuna mwenye nyumba mmoja, ana bajeti na ana mlinzi. Sisi tuna ruhusa ya mwaka, kamati ya watu saba, na popo. Naongeza baadaye: sasa nikipima, tofauti yetu kubwa na Sigi ni kwamba kwetu treni bado inakuja. Sikuliona hilo siku ile. Nililiona usiku wa wiki mbili baadaye.

Wiki ya 7

Mkutano wa vijana. Mmoja ameona mtandaoni habari za stesheni ya Kishi huko Japani, kwenye reli iliyokuwa inataka kufungwa, ambapo mwaka 2007 walimteua paka kuwa stesheni masta. Paka mwenyewe aliitwa Tama, akavalishwa kofia, watu wakaanza kupanda treni ili kwenda kumwona. Ni kweli kabisa, nimehakikisha. Jengo jipya walilojenga mwaka 2010 lina sura ya paka.

Ikaletwa hoja rasmi kwamba na sisi tunaye paka, yule anayelala juu ya mizani ya mizigo. Stesheni masta, binadamu, alikuwepo kikaoni. Alisema hana pingamizi ilimradi paka apokee na lawama treni ikichelewa.

Wiki ya 8

Kama kuna ukurasa mmoja wa kusoma katika shajara hii, uwe huu.

Mpango wetu ulikuwa umeandikwa vizuri: maktaba kwanza, kisha kompyuta mbili, kisha kafeteria ndogo kwenye veranda ya kuendesha gharama. Kabla ya kununua rafu nikapendekeza tukeshe usiku mmoja wa treni, tuone chumba kinatumikaje. Tulikwenda watatu, na daftari.

Treni ya abiria ilirudi njia hii Desemba 2019, baada ya zaidi ya miaka ishirini ya kuiona ya mizigo tu au kutoiona kabisa. Oktoba 2020 ikafika Arusha. Inatoka Dar es Salaam au Arusha mchana, hivyo kwetu huku katikati inatupitia usiku. Sote tulijua hivyo. Hakuna aliyekuwa ameuliza usiku huo ukoje kwa anayeungoja.

Watu wengi walianza kufika saa mbili. Wanaotoka vijiji vya juu hawawezi kushuka baadaye, bodaboda hazitaki kuteremka mlima usiku. Mpaka saa nne tulikuwa tumehesabu arobaini na mmoja, kumi na wawili kati yao watoto. Walikaa juu ya viroba vyao. Taa ilikuwa moja, ya dirisha la tiketi. Kwingine kote mwanga wa simu, nao watu wanaubania kwa sababu chaji ni ya safari. Choo kimefungwa, kimejaa tangu enzi. Wanawake walikuwa wanakwenda wawili wawili nyuma ya ghala, mmoja anashika simu, mwingine anashika kanga. Mama mmoja alikuwa anampeleka mwanawe hospitali Moshi. Alikuja tangu saa kumi alasiri, akihofia kuachwa.

Na pembeni ya veranda, kama kawaida, alikuwepo mama wa chai. Jiko la mkaa, birika mbili, maandazi kwenye beseni lililofunikwa kitambaa cheupe. Yeye ndiye aliyekuwa anajua kila kitu: treni imefika wapi, nani anasafiri na nani, mtoto yupi anatapika akipewa dirisha. Watu wakimwachia mizigo anaitazama. Aliyepungukiwa nauli anamkopesha, kisha anapita kwa ndugu zake kesho yake kudai.

Nikamsogelea nikamwamkia. Nikamweleza kwa furaha kwamba tunatengeneza hapa, patakuwa mahali pa jamii, na kwamba kafeteria ikijengwa atakaribishwa kuomba nafasi kama wengine.

Alinimiminia chai kwanza. Kisha akasema: "Mwalimu, mimi nipo hapa tangu treni iliporudi. Ndiyo unanikaribisha kwangu?"

Sikuwa na jibu. Nililipa chai, akanirudishia chenji, nikaenda kukaa na daftari langu nisilojua niandike nini.

Treni iliingia saa sita kasoro. Ilisimama dakika chache. Katika dakika hizo nilishuhudia mizigo ikipitishwa madirishani, mtu akipokea debe la mafuta ya nazi kwa mkono mmoja na kumpungia ndugu yake kwa mwingine, mwalimu mwenzangu aliyehamia Same akishuka kunisalimu na kupanda tena, na muuza machungwa akimaliza tenga zima. Kisha taa nyekundu ya nyuma ikapotea kwenye mkunjo, na veranda ikawa kimya kama hapakuwa na mtu.

Wiki ya 9

Kikao kirefu. Mpango umepinduliwa. Sasa ni: choo, taa, mabenchi, maji. Maktaba baadaye. Kafeteria imefutwa, mama wa chai ameingizwa kwenye kamati, tumekuwa wanane. Alikubali kwa sharti kwamba vikao visiwe siku za treni, na kwamba asiandikwe "mjumbe maalumu" bali mjumbe.

Aliyekuwa amechangisha fedha za kompyuta amekasirika, na sina hakika kama hana haki. Watu walitoa kwa ajili ya kompyuta. Tumewapigia simu mmoja mmoja kuomba ridhaa ya kuhamisha fungu. Wawili wamekataa, tumewarudishia.

Wiki ya 11

Choo kimekamilika, matundu mawili, mlango wa kufunga kwa ndani. Paneli moja ya jua iko juu ya ghala na betri yake, taa nne, moja ikiangalia njia ya kwenda chooni. Mabenchi sita ya mbao ya mwarobaini, kazi ya fundi wa hapa hapa, mazito kiasi kwamba hayaibiki.

Chokaa imekauka vizuri. Haing'ai kama saruji ilivyong'aa. Ukiigonga inajibu.

Kuchaji simu kumeleta ugomvi kama nilivyotazamia. Mweka hazina anataka shilingi mia tatu. Vijana wanataka bure. Tumeafikiana: usiku wa treni bure kwa msafiri, siku nyingine kwa malipo. Anayedai ni msafiri aonyeshe tiketi. Tayari kuna kijana mmoja anayetembea na tiketi ya mwezi uliopita.

Wiki ya 13

Kengele. Kwetu kengele ya stesheni ni kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya kwenye mhimili wa veranda, na nondo ya kugongea. Ikipigwa, maana yake treni imeshaondoka stesheni ya jirani, mwenye mbuzi relini awatoe.

Juzi jioni watoto wa masomo ya ziada waliipiga kwa mchezo. Kina mama waliokuwa wameanika mpunga upande wa pili waliacha kila kitu wakakimbia. Mmoja alianguka, kachubuka goti. Stesheni masta alitoka chumbani kwake akiwa mweupe usoni. Hakufoka. Aliwakusanya watoto akawaambia: mkiwadanganya mara moja, siku treni ikija kweli hawatakimbia. Kisha akawapigisha kengele, kila mmoja mara moja, mbele yake, ili hamu iishe. Nondo sasa inakaa chumbani kwake.

Wiki ya 15

Rafu za vitabu zimeliwa na mchwa. Wiki tatu tu. Tulinunua mbao laini za bei nafuu, tukaziegemeza ukutani, na mchwa wakapanda kwa ndani bila kuonekana mpaka kitabu cha hesabu kilipobaki jalada.

Mzee wa pointi alicheka mpaka akakohoa. "Mataruma ya hapa ni ya nini?" Ya chuma. "Kwa nini?" Basi tukajua. Mjerumani aliyaleta ya chuma kutoka kwao kwa meli kwa sababu mbao zilikuwa chakula cha mchwa, na sisi tunayavuka kila siku.

Kijana mmoja, mwenye nia njema, akasema kuna mataruma mawili ya zamani yamelala majanini karibu na njia ya pembeni, tuyakate yawe miguu ya rafu. Stesheni masta alisikia kutoka dirishani. Akatujulisha, bila kupandisha sauti, kwamba kipande chochote cha chuma cha reli, hata chenye kutu, hata kilichofunikwa na nyasi, ni mali ya reli, na anayekiondoa anakwenda jela na kamati yake nzima. Rafu mpya zina miguu ya mninga, kila mguu umesimama ndani ya kopo lenye oili chafu, na hazigusi ukuta. Hazipendezi. Vitabu vipo.

Wiki ya 18

Ghala limepata ratiba bila sisi kuipanga. Jumanne ni siku ya gulio, wakulima wanaweka matenga ya nyanya humo tangu alfajiri, jua lisiyakute. Alhamisi ni VICOBA ya kina mama, kikundi chao cha kuweka na kukopa, wamechagua ghala kwa sababu mlango wa chuma ukisukumwa hakuna anayesikia nani kakopa kiasi gani. Jioni nne kwa wiki ni darasa la saba. Mkutano mkuu wa kijiji wa robo hii ulifanyika ndani, kwa mara ya kwanza mvua ikinyesha, na haukuahirishwa. Baadhi ya viongozi walionekana kuukumbuka mwembe.

Kundi la vijana watano limeandika maombi ya mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia nne ya mapato yake ya ndani inayotengwa kwa vijana, wanunue mashine ndogo ya kukausha matunda. Wanataka waiweke veranda. Nimewaambia waandike kwanza barua, na muhuri upigwe pembeni.

Wiki ya 20

Usiku wa treni. Imechelewa kwa muda wa saa tatu, mvua imeharibu njia mahali fulani huko mbele. Miezi michache iliyopita watu wangekaa gizani. Leo wamelala kwenye mabenchi, watoto wamepewa mikeka ya darasani, na mtu amefungua maktaba na anamsomea mwenzake gazeti la wiki iliyopita kwa sauti ya chini.

Mama wa chai mkaa umemwishia. Nimekwenda kumletea wa nyumbani kwangu, nusu gunia. Kaniandika kwenye daftari lake la madeni, upande wa wanaomdai.

Yaliyobaki: betri haivuki saa nane usiku taa zote nne zikiwaka, tuzime mbili. Tundu la tano la popo halijazibwa. Mkataba haujajibiwa. Nondo ya kengele inalia sasa hivi, naacha hapa.